Mkono wa Mkwe

Kunigunda alianza kuchambua kahawa akiwa msichana, kwenye meza ndefu za ghala la ushirika pale Mbinga mjini. Punje zilipita mbele yake kutwa nzima, naye akizitoa mbovu bila kuzitazama, kwa kuwa vidole vyake vilishajua wepesi wa punje iliyotobolewa na mdudu na ulaini wa ile iliyoanza kuoza. Saa ya mapumziko wanawake wenzake walimgeuzia mabega. "Kuni, nishike hapa, shingo imekuwa mti." Naye akashika, akakanda taratibu huku wakiwasengenya wasimamizi, mpaka kengele ilie. Hakuna aliyeiita kazi.

Kisha serikali ikalegeza biashara ya kahawa. Wanunuzi binafsi wakapanda milimani na mizani zao, ushirika ukayumba, na asubuhi moja ya ukungu wachambuzi wakakuta kufuli jipya mlangoni. Kunigunda alikuwa amevuka miaka arobaini, mjane wa marehemu Ildefonsi, mama wa binti mmoja, Hilda, aliyeolewa kule chini ziwani. Akakaanga vitumbua, vikalala. Akaenda kulima ngoro za watu, yale mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo, mgongo ukamgomea.

Mgongo huo ndio uliomfikisha Kigonsera kwa Sista Gertruda, mtawa mwenye sauti kali na mikono ya upole, aliyekuwa akichua watu wenye maumivu ya viungo katika chumba kidogo kinachonukia mafuta ya nyonyo. Alipomaliza kumchua, Sista alikaa kwenye kigoda, akavuta pumzi, akasema, "Na mimi bega langu halina wa kulishika. Jaribu."

Kunigunda akajaribu. Sista alifumba macho.

"Nani alikufundisha?"

"Kahawa, Sista."

"Basi imekufundisha nusu. Njoo nikupe nusu ya pili."

Nusu ya pili ilikuwa kujua pa kutogusa. Mguu mmoja uliovimba na kuwa wa moto, usiguse, mpeleke kwa daktari. Mwenye homa, usiguse. Mfupa usiounga, usiguse. Kunigunda alikwenda Kigonsera na kurudi misimu miwili, akajifunza misuli inakoanzia na inakoishia, na Sista alipohamishiwa mbali na kile chumba kikafungwa, watu walianza kubisha hodi nyumbani kwake. Walikuja wanawake waliovunjika viuno kwa ngoro, wabeba magunia, hata katekista. Wakamwita Mama Mchuaji.

Wengine walimwita vingine. Kwamba mjane anapapasa migongo ya waume za watu. Maneno hayo yalishuka mlima na wauza mahindi mpaka Tingi, kando ya ziwa, yakamkuta Hilda kisimani. Tangu siku hiyo Hilda aliacha kupanda kumwona mama yake.

Ndiyo maana Kunigunda alishtuka, mwezi Juni, baridi ikiwa imelala juu ya migomba, alipomwona binti yake akiingia uani na kifurushi kichwani, na nyuma yake, akiwa amesimama mbali karibu na uzio, mwanamume aliyegeuza uso kutazama barabara.

Alikuwa mkwewe, Joakim. Mkono wa kushoto aliukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba ndege.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba bado," Hilda alisema, akatua kifurushi. "Ni mkono."

Walikaa jikoni, mama na binti, huku Joakim akibaki uani. Hilda aliongea akitazama moto. Joakim alikuwa dereva wa lori la Mzee Masoudi, mwenye duka lililopakwa kijani karibu na soko la Mbinga. Alivunjika mkono akifungua tela lililokwama. Hospitali waliufunga plasta, mfupa ukaunga vizuri, plasta ikatolewa. Lakini vidole havikuamka. Havijikunji, havishiki.

"Masoudi amesema kahawa ikianza kushuka atataka dereva. Kama Joakim hashiki gia, usukani anampa Methodi, utingo wake. Na Methodi akishakaa pale, nani atamtoa?" Hilda akainua uso kwa mara ya kwanza. "Hajui kazi nyingine, mama. Halimi, havui samaki. Ameanza kunyamaza. Anakaa tu pwani anatazama vidole vyake. Juzi nimemkuta anavipiga kwenye jiwe."

Kunigunda alikuwa ameshanyanyuka, akinawa mikono, wakati sauti ilipotoka kwenye kona yenye moshi.

"Unakwenda wapi?"

Alikuwa wifi yake Hildegardi, dada mkubwa wa marehemu Ildefonsi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini masikio yalisikia mpaka kijiji cha pili. Alikuwa akimenya maharage mabichi.

"Nakwenda kuutazama huo mkono, wifi."

"Mkono wa nani?"

Kunigunda akasimama, maji yakimdondoka vidoleni.

Mama hamgusi mkwewe. Hali naye, hapishani naye njiani bila mmoja kujitupa porini, hamwiti jina. Heshima hiyo hulegezwa siku mtoto wa kwanza anapozaliwa na kuletwa kwa bibi yake, na Hilda alikuwa hajazaa. Kunigunda aliyajua hayo kama anavyojua jina lake. Ni kwamba kwa dakika moja aliuona mkono tu, akasahau una mwenyewe.

"Ukimgusa," wifi alisema bila ukali, akiendelea kumenya, "huyo kijana hatakanyaga tena hapa. Hata ukimponya. Atakuwa na mkono lakini hana uso."

Kunigunda alikaa chini. Mikono yake, iliyokuwa imeshika migongo ya nusu ya Mbinga, ilikaa mapajani. Kisha akamtazama binti yake.

"Basi utamchua wewe."

"Mimi?" Hilda alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kazi ya kupapasa watu?"

"Ni mumeo. Utampapasa mumeo."

"Sijui chochote, mama."

"Nitakuambia."

*

Wakatundika kanga katikati ya banda la kuhifadhia kahawa, kwenye kamba, kuanzia darini hadi sakafuni. Upande mmoja Hilda na Joakim, na bakuli la mafuta. Upande wa pili Kunigunda kwenye kigoda, na mlangoni wifi Hildegardi na maharage yake, akilinda.

"Anzia kwenye kiwiko," Kunigunda alisema kuiambia kanga. "Weka kiganja, usisukume. Uache mkono upate joto lako."

"Nimeweka."

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Ngozi."

"Chini ya ngozi."

"Nyama, mama. Unataka nisikie nini, redio?"

Wifi alicheka mlangoni. Kunigunda hakucheka. Aliona jinsi alivyokuwa mtupu. Vitu vyote alivyovijua vilikaa vidoleni, na vidole havina ulimi. Alisema "legeza", Hilda akauliza legeza vipi. Alisema "fuata mshipa", Hilda akauliza mshipa upi. Alijikuta akikunjua na kukunja mikono yake hewani kama mtu anayesokota kamba isiyoonekana, na hakuna aliyemwona.

Hata hivyo walianza kusogea. Kila siku, baada ya chai, Hilda alichua na mama yake akaamuru. Kutoka upande wa Joakim hakikusikika kitu, si mguno, si pumzi. Kunigunda alizoea kuchua kwa masikio kama alivyochua kwa vidole: mtu akivuta hewa kwa meno, unapunguza, akishusha pumzi, unaongeza. Hapa palikuwa na ukimya mtulivu kama wa mtu aliyelala.

"Haumii?" aliuliza.

Pakawa na mnong'ono. "Anasema haumii," Hilda akajibu.

"Basi bonyeza zaidi. Tumia kidole gumba."

Siku ya pili ukimya uleule. "Zaidi. Ingia kwenye kifundo." Na siku iliyofuata, "Zaidi, mwanangu, usimwonee huruma, huruma ndiyo imemgandisha." Moyoni alifurahi. Alijiambia kwamba misuli ya kijana ni mepesi, na kwamba labda hata yeye anaweza kufundisha.

Halafu ikaja asubuhi Hilda alipoingia jikoni bila kuamkia, akasimama mbele ya mama yake.

"Umevimba."

"Nini?"

"Mkono. Umevimba mpaka vidole vinang'aa. Hata vile alivyokuwa anakunja kidogo, sasa hakunji."

"Lakini hakuumia! Kila siku nimeuliza!"

"Alikuwa anauma shati lake!" Hilda alipiga kelele. "Kila siku! Ameuma kola mpaka imetoboka. Machozi yanamtoka, jasho linamtoka, na wewe uko kule unasema zaidi, zaidi!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, siwezi kulia mama mkwe anasikia. Nitakuwa mwanamume gani?"

Kutoka kwenye kona wifi Hildegardi alisema polepole, "Na amesema kweli. Mkwe halii. Hata kukohoa anakwenda nje."

Kunigunda aliketi pale pale sakafuni. Aliwezaje kusahau? Yeye mwenyewe, siku ya kwanza kwa mama yake Ildefonsi, aliungua na chungu na akakishikilia hadi alipokitua mahali pake, bila kutoa sauti. Aliijua heshima inayofunga mikono, akatundika kanga kwa ajili yake. Ile inayofunga mdomo akaipita kama asiyeiona. Ukimya wa adabu aliusoma kama ukimya wa nafuu.

Alinyanyuka, akavuka ua kwenda kwenye banda. Upande wa pili wa kanga alisikia mtu akijikusanya, akijisogeza ukutani. Pindo la kanga lilikuwa mbele yake. Hatua moja tu. Vidole vyake vilijua vingefanya nini: vingeuinua ule mkono juu ya moyo, vingepita juu yake kwa uzito wa unyoya, kuelekea kwapani, kuutoa uvimbe kidogo kidogo. Alilishika pindo.

Nyuma yake wifi na Hilda walisimama mlangoni.

Upande wa pili palitoka sauti ya chini, isiyoelekezwa kwa mtu, kama mtu anayeongea na ukuta. "Hilda. Mwambie mama asifanye. Tafadhali. Afadhali mkono."

Kunigunda aliliachia pindo.

Alirudi jikoni, akapekua chini ya kabati, akatoka na kikombe cha bati kilichobonyea ubavuni, kilichokuwa cha marehemu Ildefonsi, na kijiko. Akampa Hilda.

"Mpe mumeo, mkono wa kulia. Mwambie mama hataki kusikia sauti yake. Lakini kikombe si mtu, hakina aibu. Ikiuma na anaweza kuvumilia, agonge mara moja. Ikiuma vibaya, agonge mara mbili. Asipogonga kabisa tunasimama, maana mkono usiosikia kitu sitaki kuuchua."

Hilda alikiangalia kikombe, akamwangalia mama yake. Akakipeleka.

Wakasubiri Hilda aweke kiganja. Kisha, kutoka nyuma ya kanga: *ting*. Na baada ya kitambo kirefu, kama mtu anayeona haya: *ting*.

"Anakubali au anaumwa?" wifi Hildegardi aliuliza.

"Vyote," Kunigunda akasema.

Miaka ya baadaye, alipokuwa na wanafunzi kutoka Kigonsera na Kitura, wanawake watu wazima waliokaa kwenye mikeka katika banda lilelile, wengi walishangaa kwa nini mafunzo yao yanaanza na kanga na kikombe kilichobonyea. Aliwaambia kwamba mtu wa huku atakuambia haumii mpaka umvunje. Mwanamke mbele ya shemeji hatasema, mzee mbele ya kijana hatasema, kijana mbele ya mkwe hatasema. Kwa hiyo usimuulize mdomo wake. Mpe kitu kingine cha kujibia.

Lakini wakati ule hakuwa na mwanafunzi ila mmoja, na kahawa ilikuwa inaiva.

*

Walitumia siku za kwanza kuutuliza uvimbe tu, kwa vitambaa vya maji baridi na kiganja kinachopita bila kubonyeza. Ukungu ulipoondoka milimani, matunda mekundu yalionekana mashambani, na barabarani mizani ya wanunuzi ilikwishatundikwa. Hapo ndipo Methodi alipokuja, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, akasimama nje ya uzio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mzee Masoudi anasalimia. Jumamosi lori linashuka Mbamba Bay na mahindi, likirudi linabeba dagaa wa usipa. Anasema Joakim aje aendeshe, aonekane. Asipoweza," akasita, akakwaruza udongo kwa kiatu, "mimi leseni ninayo."

"Umeipata lini?"

"Jana." Akacheka kwa aibu. "Mama usinione mbaya. Na mimi nina watoto."

Kunigunda hakumwona mbaya. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Hapakuwa na wa kumchukia.

Jioni ile, nyuma ya kanga, alibadili namna ya kusema. Aliacha maneno ya Sista. "Hilda, unakumbuka ulipokuwa mdogo nikikuleta ghalani? Ukaingiza mkono kwenye gunia la kahawa?"

"Nakumbuka. Ulinichapa."

"Baada ya kukuchapa nilikuambia nini?"

"Nifumbe macho. Nitafute punje mbovu."

"Fumba macho."

*Ting*, kikombe kikasema. Ikapita pumzi. *Ting*.

"Mama," Hilda akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Kuna kitu. Karibu na kifundo, kwa ndani. Kama uzi uliojifunga."

Kunigunda aliinama mpaka paji la uso likagusa kanga. "Usiukate. Usiusukume. Kaa juu yake."

"Nikae tu?"

"Kaa. Kama unavyomngoja mtoto aache kulia."

*Ting.* Kimya. *Ting.* Kimya kirefu. Kisha Hilda akavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji.

"Umelegea. Mama, umelegea chini ya kidole changu!"

Mlangoni wifi Hildegardi alikuwa ameacha kumenya.

Kunigunda aliagiza beseni la kahawa kavu yenye maganda, iliyopata joto la jua, na Joakim akazamisha mkono humo kila siku, akikamata na kuachia, akikamata na kuachia, chakacha, chakacha, mpaka sauti hiyo ikawa kama ya mvua ndogo nyumbani. Hilda sasa hakungoja kuitwa. Alichua asubuhi, alichua jioni, na mara moja Kunigunda alipoamuru "panda juu kidogo," alijibiwa, "Hapana mama, bado, pale chini hapajaisha," naye akafunga mdomo wake, akakubali kufundishwa.

Vidole viwili vilijikunja. Vitatu, halafu vinne. Kidole kidogo kilikataa kabisa. Na Jumamosi ikafika.

*

Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la kijani, magunia yamefika juu ya bodi. Mzee Masoudi, mtu mfupi wa asili ya Kilwa, kanzu ndani ya koti zito kwa sababu ya baridi, alizunguka akipiga matairi kwa fimbo. Joakim alisimama upande wa pili wa lori ili asionane na mkwewe.

"Mama Hilda," Masoudi alisema, "karibu. Unasema mkono umepona?"

"Sikusema umepona, Mzee Masoudi. Nasema unashika."

"Kushika kupi? Kushika kikombe cha chai au kushika gia kwenye ule mteremko wa kwenda ziwani? Maana mimi misuli siijui, lakini mteremko naujua. Ulinichukulia lori la kwanza."

"Unashika," Kunigunda alirudia, ingawa alikuwa hajawahi kuuona mkono ule kwa karibu. Alichojua kilikuwa ni mlio wa bati na sauti ya binti yake.

Masoudi alimtazama. "Basi twende wote. Ukiamini kazi yako, panda. Kaa mbele na sisi."

"Siwezi."

"Ahaa!" Methodi akacheka kutoka juu ya magunia. "Mchuaji mwenyewe anaogopa!"

"Kule mbele kuna mkwe wangu," Kunigunda alisema. "Nitakaa juu ya mzigo."

Kicheko kikakatika. Masoudi akainamisha kichwa kidogo. "Samahani, mama. Hata kwetu yapo." Akashika kiti wateja walichokalia dukani, akakiweka mwenyewe chini ya bodi ili apandie.

Hilda alimpitishia kikapu. Mikono yake ilinukia nyonyo. "Mama, kile kidole kidogo," alinong'ona.

"Najua."

Lori likaondoka. Kwa muda mrefu barabara ilipanda na kuzunguka kati ya mashamba ya kahawa, na Kunigunda, amejifunga kanga kichwani, aliketi juu ya magunia akisikiliza. Namba tatu, namba nne. Gia ziliingia kwa mkwaruzo mdogo, lakini ziliingia. Methodi alikaa pembeni yake, na kwenye mapaja amelaza gogo la pembe tatu la kuzuilia gurudumu. Hakuwa anacheka tena.

"Mama, tukifika pale juu," alisema, "kama ukisikia nimesema ruka, ruka upande wa mlima. Usiruke upande wa bonde."

"Huwa mnaruka?"

"Mimi nimeruka mara moja."

Walifika ukingoni. Milima ilifunguka ghafla na chini kabisa, mbali, ziwa likaonekana, limelala kama shuka la buluu lililoanikwa, na barabara ikateremka kuliendea kwa kona moja juu ya nyingine. Lori likapunguza mwendo. Hapa dereva hushusha gia mapema, namba mbili, ili injini ibebe uzito. Akichelewa, mzigo unamsukuma na breki zinaungua.

Kunigunda alisikia injini ikiachiliwa. Alisikia chuma kikitafuta chuma, *krrr*, kikikataa. Lori likajisogeza lenyewe.

"Imekataa," Methodi akasema, akapiga magoti, gogo mkononi.

*Krrr.* Tena. Kona ya kwanza ilikuwa inakuja, na nyuma yake palikuwa na hewa tu. Harufu ya breki ilipanda juu ya magunia. Kutoka mbele Masoudi alisikika akitaja jina la Mungu kwa sauti. Kunigunda alikuta mikono yake mwenyewe imeingia kwenye nafasi kati ya magunia mawili, imeyashika, na midomo yake inasema peke yake, "Usisukume. Kaa juu yake. Usisukume, baba, kaa juu yake."

"Mama, jiandae."

"Subiri."

"Mama!"

"Subiri, Methodi!"

Injini ikaguruma, kama mtu aliyekanyaga mafuta makusudi, kisha kukawa na kimya kifupi sana, pumzi moja, na chuma kikaingia ndani ya chuma kwa sauti nzito, safi. Lori zima lilitetemeka, likajizuia, likainama kuingia kwenye kona taratibu kama ng'ombe anayeshuka kunywa maji. Magunia yaliegemea upande mmoja, yakarudi.

Methodi alikaa kitako. Jasho lilimtoka chini ya kofia, na usoni alikuwa na kitu kilichochanganya nafuu na msiba.

Hapo honi ikalia. Mara moja tu, fupi.

Methodi akachungulia mbele. "Anampigia nani honi? Barabara haina hata mbuzi."

Kunigunda alijifuta macho kwa pindo la kanga. Mara moja: inauma, naweza.

"Ananipigia mimi," akasema.

Walishuka kona zote zilizobaki kwa namba mbili. Pwani ya Mbamba Bay, wanawake walikuwa wakigeuza usipa kwenye vichanja, na harufu yake ilikuja na upepo wa joto. Mzee Masoudi alishuka kwanza, akanyoosha miguu, akasimama chini ya bodi akimtazama Kunigunda aliyekuwa bado juu ya magunia.

"Msimu huu wote ni wake," alisema. "Na wewe Methodi usinune, nikipata lori la pili usukani wako." Akajishika shingo, akashusha sauti. "Mama Hilda, mke wangu Halima hageuzi kichwa tangu Ramadhani. Lakini hawezi kuja kwako kila siku. Huna mtu uliyemfundisha?"

Kunigunda alifungua mdomo kusema hapana, kama alivyosema siku zote. "Ninaye," akasema. "Yuko nyumbani. Lakini ataanza kwa kufumba macho."

Wakati huo Joakim alizunguka nyuma ya lori, uso ameugeuzia ziwani. Bila kutazama juu, alinyoosha mkono wa kushoto kwenye bodi, vidole vinne vikajikunja kwenye kishikio cha kikapu cha mkwewe, kidole kidogo kikabaki kimenyooka chenyewe. Akakishusha polepole, akakitua mchangani, mbali naye, mahali ambapo angekikuta.

Siku nyingine yoyote, kumtumikia mkwe kwa mkono wa kushoto kungekuwa tusi. Kunigunda alisubiri mpaka kijana alipokwenda zake, ndipo akashuka, akainama, akakiokota kikapu pale ule mkono ulipokiacha.